Historia Iliyomo Chunguni

Tukizungumza habari za Ufipa wa kale, kwa kawaida tunaanza na watawala. Tunataja Milansi, kisha Nkansi na Lyangalile, falme mbili za ukoo wa Watwa zilizogawana uwanda wetu. Baada ya hapo wanafuata Wajerumani, wamisionari, Waingereza na hatimaye Uhuru. Habari hizo ni za kweli na yafaa watoto wetu wazisome. Lakini mimi niliyekulia Mpui nimekuja kuona kwamba ipo historia nyingine, ndefu kuliko ya watawala, ambayo hakuna aliyeipa kitabu chake. Hiyo hulimwa mwezi wa Machi, huvunwa Mei na Juni, na huwekwa mbele ya watu jioni ikiwa bado inatoa mvuke. Nataka niieleze hapa kabla haijapungua zaidi, kwa sababu mwaka huu ndugu zangu na mimi inatubidi kuamua kama tutaendelea nayo katika shamba la wazee wetu.

Mpui iko kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, ukishapita Laela. Magharibi, ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mashariki inaporomoka tena kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Sisi tumekaa katikati, juu, kwenye uwanda ambao sehemu kubwa una mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,000. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo hakuna tena hadi Novemba nyingine. Watu wa Ulaya huvuna Septemba na Oktoba majani ya miti yakipukutika. Sisi huvuna upepo wa baridi unapoanza kuvuma, nyasi zikibadilika rangi kutoka kijani kuwa manjano, na asubuhi mtu hatoki nje bila shuka begani.

Mgeni afikapo uwandani kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi miti ilivyo michache. Anaona nyasi, vilima na anga. Hiyo ndiyo shida ambayo wazee wetu walipaswa kuipatia jibu. Majirani zetu wa kusini, Wabemba, wao walikuwa na misitu. Walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma, wakapanda ulezi kwenye majivu. Mama Audrey Richards, mtaalamu kutoka Uingereza aliyeishi nao miaka ya 1930, aliieleza kazi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu ardhi, kazi na chakula. Kilimo cha namna hiyo kinahitaji miti mingi na watu wachache, na shamba huhamahama. Mtu wa uwandani angechoma nini? Alikuwa na nyasi tu. Basi akajifunza kuzizika badala ya kuzichoma.

Kazi hiyo ndiyo iitwayo ntumba. Mvua zinapokaribia mwisho, kati ya Februari na Aprili, udongo ukiwa bado laini na nyasi zikiwa zimefika kiunoni, mkulima huchukua jembe na kukata bamba la udongo pamoja na nyasi zake. Hulipindua, nyasi zikakaa ndani na mizizi ikatazama juu. Hulikusanya na mengine mpaka lipatikane tuta la duara, kisha hulifunika vizuri kwa udongo. Ukitazama shamba la namna hiyo kutoka mbali utadhani ni kijiji cha vibanda vidogo vya udongo vilivyopangwa kwa safu. Juu ya tuta hupandwa maharage palepale, ambayo hukua kwa unyevu wa mvua za mwisho. Ndani ya tuta nyasi zinaoza polepole kipindi chote cha kiangazi. Mvua za Novemba na Desemba zikirudi, tuta hubomolewa na kutandazwa, na ulezi hurushwa kwa mkono juu ya udongo mweusi ulioiva.

Mpangilio huo una sababu zake. Maharage, kama mimea mingi ya jamii ya kunde, huongeza rutuba ardhini kwa msaada wa vijidudu waishio kwenye mizizi yake. Nyasi zilizozikwa haziwezi kuchipua tena, nalo hilo si jambo dogo kwa ulezi: mbegu yake ni ndogo sana, na mche wake mchanga unafanana na magugu kiasi kwamba hata mpaliliaji mzoefu huinama na kutazama mara mbili. Tena tuta lililoinuka halituamishi maji. Bibi yangu hakuwahi kusikia neno naitrojeni, lakini alikuwa akisema kwamba shamba ni kama mwanamke anyonyeshaye. Usimdai maziwa kama hukumpa chakula.

Jirani zetu Wamambwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wana kilimo kinachofanana na hiki na wanakiita fundikila. Wamatengo wa Mbinga nao wana ngoro, yale mashimo yao ya milimani ambamo majani huzikwa chini ya udongo. Kwa hiyo Wafipa si peke yao katika jambo hili. Lakini faida yake kwetu ilikuwa kubwa kwa namna ya pekee: mtu anayelisha shamba lake hana haja ya kulihama. Kwa sababu hiyo vijiji vya Ufipa viliweza kukaa mahali pamoja, vikubwa na vya kudumu, katika nchi isiyo na msitu.

Ntumba haiwezekani bila jembe zito, na hapo historia ya jikoni inakutana na historia ya chuma. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Tanuri zao, malungu, zilijengwa kwa udongo zikapita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe kupitia mirija ya chini bila kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya dukani yalipokuja kwa bei rahisi, na leo magofu ya malungu bado yanaonekana sehemu kadhaa za uwanda. Mimi huyatazama na kuwaza: tanuri zile zilikula mkaa, na mkaa ni miti. Huenda jembe lenyewe lilichangia kuumaliza msitu, kisha likawa ndilo chombo cha kulimia mahali pasipo na msitu. Wazee wetu hawakuwa malaika wa mazingira. Walikuwa watu walioharibu na kutengeneza, kama sisi.

Mashahidi kutoka nje wapo. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka mbali kusini, walifika Ufipa wakakaa, na kiongozi wao huyo akafia hukuhuku. Jeshi la watu wengi na ng'ombe wao halikai mahali pasipo na chakula. Kukaa kwao ni ushahidi kwamba ghala zetu zilikuwa na kitu, ingawa wenye ghala hawakufurahi. Mwaka 1880 akapita Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 22, akitoka Ziwa Tanganyika. Aliwasifu Wafipa kuwa wakulima hasa na watu wapendao amani.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko mazao yanakosimulia. Mwezi wa Machi na Aprili, kabla nafaka haijakauka, nyumba za Mpui huishi kwa majani na mahindi mabichi. Nyuma ya nyumba, pale yanapotupwa majivu na takataka, maboga hutambaa hadi juu ya paa la banda. Mama huchuma majani machanga ya maboga, huyamenya nyuzi, huyakatakata na kuyapika kwa karanga zilizotwangwa. Majani ya maharage nayo huchumwa yakiwa bado laini, lakini kwa kiasi, ili mmea usidhoofike. Yanayozidi huchemshwa kidogo na kuanikwa, kwa kuwa upepo mkavu wa Mei na Juni hukausha vizuri. Hayo ndiyo mboga ya Septemba na Oktoba, wakati ardhi imekauka na hakuna jani bichi isipokuwa katika bustani za bondeni kando ya vijito. Maboga yenyewe huhifadhiwa, mbegu zake hukaangwa na kutwangwa kuwa kiungo.

Juni ukifika, maharage ya kwenye matuta yamekomaa. Wengine huyang'oa na kuyapiga kwa fimbo uani. Yale ambayo maganda yake bado ni mabichi huambuliwa jioni na watoto na kuwekwa motoni siku hiyohiyo. Maharage ya namna hiyo hayahitaji kulowekwa wala kutiwa magadi. Yanaiva upesi, mchuzi wake ni mzito, na chumvi tu yatosha. Ulezi nao hukatwa masuke kwa kisu, moja moja, huanikwa, hupurwa na kupepetwa. Ugali wake ni wa kahawia, una harufu ya udongo uliopata mvua, na mtu akiula asubuhi haombi chakula tena hadi jioni. Ulezi mwingine huoteshwa kuwa kimea kwa ajili ya kimpumu, pombe yetu. Pombe hiyo haikuwa ya starehe tu. Mtu mwenye shamba kubwa aliwaalika majirani waje wamsaidie kutengeneza ntumba, na malipo yao yalikuwa ndani ya mtungi. Kwa maneno mengine, ulezi wa mwaka huu ndio ulioajiri wafanyakazi wa ulezi wa mwaka ujao.

Ukiuliza kila kitu katika mlo huo kimetoka wapi, utastaajabu. Ulezi ni mwenyeji wa Afrika. Ulianza kufugwa katika nyanda za juu za mashariki mwa bara hili, yaani upande wa Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Kunde na njugu mawe nazo ni za Afrika. Lakini maharage yale mekundu, mahindi, karanga, maboga, viazi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni Amerika, na havikuwapo upande huu wa dunia kabla ya safari ya Kolumbus mwaka 1492. Wareno walivileta pwani, na kutoka pwani na Kongo vikasafiri kwa mikono ya watu hadi kwetu. Chumvi yetu ilikuwa na makao yake karibu: huko Ivuna, ng'ambo ya bonde la Rukwa, uchimbaji wa wanaakiolojia katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walichemsha chumvi tangu yapata karne ya 13. Migebuka na dagaa walipandishwa kutoka Ziwa Tanganyika wakiwa wamekaushwa. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba anakula chakula cha asili cha Kifipa alikuwa anakula mabara mawili na maziwa mawili. Wazee wetu hawakukataa kigeni kwa kuwa ni kigeni. Walilipokea haragwe kutoka mbali, wakalipandisha juu ya tuta lao, likawa la nyumbani.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ya yale yaliyofuata. Neno matuta lina kumbukumbu chungu katika nchi yetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya kadhaa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na huko Uluguru mwaka 1955 ghasia zikazuka hadi mradi ukaachwa. Wenyeji hawakupinga udongo kuhifadhiwa. Walipinga kazi ngumu waliyoamriwa na watu ambao hawakula kutoka katika mashamba hayo. Ntumba ilikuwa kinyume chake. Hakuna bwana shamba aliyeileta, wala hakuna aliyefungwa kwa kutoilima.

Kisha yakaja mahindi ya biashara. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, na miaka hiyohiyo vilikuja vijiji vya Ujamaa, mbegu bora, mbolea ya ruzuku na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Kwa mkulima wa Mpui bei hiyo moja ilikuwa neema. Sisi tuko mbali na Dar es Salaam. Kama gharama za lori zingehesabiwa, mahindi yetu yasingenunulika. Lakini Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua kwa bei ileile ya walio karibu. Katika miaka ya 1980 Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikahesabiwa kuwa miongoni mwa mikoa minne inayolisha taifa. Sitaki kuyasema mahindi vibaya. Mahindi ndiyo yaliyonunua sare zangu za shule, na mabati ya nyumba ya baba yangu ni mahindi matupu.

Hata hivyo, mahindi yalikuja na masharti. Yalitaka shamba tambarare, mistari iliyonyooka na mfuko wa mbolea uliofika kwa wakati. Yalitaka pia ghala lenye dawa, hasa baada ya dumuzi kuingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu walimpa mdudu huyo jina la Scania, kama lori, maana alibeba ghala zima. Ulezi yeye hauwezi; punje zake ni ndogo mno. Ulezi uliokaushwa vizuri hukaa kihengeni miaka mingi ukiwa salama, ndiyo sababu wazee waliuhesabu kuwa benki. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa ulezi maneno hayo si mfano, ni maelezo ya kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti yalibadilika tena. Bei moja ilikwisha, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikatoweka katikati ya miaka hiyo. Mfuko ambao jana ulinunulika kwa gunia moja sasa ulidai magunia kadhaa. Shamba lililozoea mbolea ya dukani kwa miaka 15 halijui kujilisha lenyewe kwa msimu mmoja. Nakumbuka jinsi mahindi ya majirani yalivyokuwa ya manjano kwa njaa ya udongo, na jinsi bibi alivyorudi kwenye kona yake ya ntumba bila kumlaumu mtu, akikata nyasi kama alivyofanya siku zote. Kona ile haikungoja lori. Tangu hapo ruzuku imerudi, ikiwamo ile ya vocha kuanzia mwaka 2008, ikakoma, ikarudi tena mwaka 2022 bei za dunia zilipopanda. Hali kadhalika soko: mwaka 2017 kuuza mahindi nje kulizuiwa, na wenye magunia wakabaki nayo. Sisemi kwamba serikali ilikosa kila mara. Inayo nchi nzima ya kulisha. Nasema tu kwamba uamuzi wa mbali hufika jikoni kwetu upesi kuliko tunavyodhani.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo moyoni mpwa wangu aliponijia kwa heshima zote. Yeye ndiye anayelima shamba la familia, na ana jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Mjomba," aliniambia, "sehemu ile ya matuta nataka kuisawazisha. Plau haipiti. Vijana hawataki kuitwa kwa pombe, wanataka fedha taslimu. Nikiweka mahindi pale nitapata magunia ambayo sasa siyapati."

Hoja zake ni nzito na sikuweza kumjibu kwa kutaja mababu. Ntumba ni kazi ya mgongo. Mtu asiyeinama hana haki ya kumsifia anayeinama uzuri wa kuinama. Lami iliyopita Mpui katika miaka ya 2010 imeleta wanunuzi mpaka mlangoni, na wanunuzi hao huuliza mahindi kwanza. Tena ana watoto wanne shuleni.

Nilimjibu kwa hesabu. Katika masoko mengi kilo ya ulezi huuzwa ghali kuliko kilo ya mahindi, na siku hizi watu wa mjini wanautafuta kwa uji wa watoto na wagonjwa, kwa kuwa una madini ya chokaa mengi kuliko mahindi kwa mbali. Umoja wa Mataifa uliuteua mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Maana yake kile tulichoanza kukionea haya, wengine wameanza kukitafuta. Zaidi ya hayo, maharage ya Juni hayadai mfuko wa mbolea hata mmoja. Nikamwambia asawazishe sehemu tatu akipenda, lakini robo moja, ile iliyo karibu na nyumba, ibaki ntumba, na gharama ya vibarua nitachangia mimi. Akanyamaza kidogo.

"Na mbegu ya ulezi, Mjomba?" aliuliza. "Ile ya Bibi imebaki vibaba viwili tu."

Vibaba viwili vinatosha kuanzia. Ulezi ukirushwa vizuri, mbegu kidogo hueneza eneo kubwa. Kinachoweza kupotea ni kitu kingine: kujua ni wakati gani udongo uko laini kiasi cha kupinduka bila kuvunjika, nyasi ipi inaoza upesi na ipi inachipua tena, na tuta libomolewe baada ya mvua ya ngapi. Hayo hayahifadhiwi kihengeni. Hukaa mikononi mwa watu, na wanaoyajua vyema pale kijijini kwetu sasa ni wanawake wazee watatu au wanne. Kwa hiyo tumepatana kwamba Machi ijayo watoto wa mpwa wangu, wa kike na wa kiume, watashika majembe pamoja na mmoja wa wazee hao kwa wiki nzima, hata kama watalalamika. Nami nitakuwapo, nikiinama kadiri mgongo utakavyoruhusu.